Kamati Ilinituma Nimchumbie Mwalimu, Sasa Nampenda Kweli

Wasomaji wangu, barua hii niliipokea kabla ya msimu wa kunyoa kondoo, na jibu lake nililipeleka kwa posta kimyakimya, sikulichapa. Leo naziweka zote hadharani, pamoja na barua ya pili iliyofuata, kwa sababu kila aliyetajwa ameridhia. Mmoja aliweka sharti kwamba jina lake nisilikosee herufi. Bi Gwenda, nimelikagua.

*

Shangazi Beryl mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi ila unisaidie, nakuandikia nikiwa ndani ya gari nyuma ya zizi la kondoo kwa sababu nyumbani baba yangu anasoma kila karatasi anayoikuta mezani, na nakuomba sana usitaje jina langu wala la mji wetu, sema tu ni mji mdogo huku magharibi ya jimbo la Queensland, mbali na kila kitu, ule ambao tangi lake la maji limechorwa ndege emu aliyevaa miwani ya jua, na mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, sijaoa, nafuga kondoo na ng'ombe wachache pamoja na baba, nina mbwa mmoja anaitwa Sajini, na nimezama kwenye tope ambalo hata trekta halinitoi.

Mji wetu una baa moja, duka moja ambalo ndilo posta na ndilo kituo cha petroli, uwanja wa mbio za farasi unaofunguliwa mara moja kwa mwaka, na shule moja ya serikali yenye mwalimu mmoja, ambaye ndiye mwalimu mkuu, ndiye wa darasa la kwanza na ndiye wa la sita, ndiye anayepiga kengele na ndiye anayemtoa nyoka chooni, na shida yetu ya miaka yote ni kwamba walimu hawakai, wanakuja na vitabu vyao na maua yao kwenye vikopo, majira ya joto yakifika maua yamekufa na wao wameshaomba uhamisho, kuna mmoja alifika Jumatatu akaondoka Ijumaa, alituambia anakwenda kutafuta maziwa freshi na nadhani bado anayatafuta. Mwalimu akiondoka watoto wanakaa bila mtu, wenye uwezo wanawapeleka wa kwao bweni huko pwani, wengine wanafundishwa jikoni kwa kompyuta huku mama anakoroga supu na kufukuza mbuzi, na sasa idara ya elimu imetuambia waziwazi kwamba mwalimu akikosekana tena mlango unafungwa, na shule ikifungwa wenye watoto watahama, na wenye watoto wakihama duka litafungwa, na duka likifungwa, Shangazi, itabaki baa na yule emu.

Mwaka jana akaja Mwalimu Despina kutoka Brisbane, wazazi wake ni Wagiriki wana mgahawa wa samaki, na sisi tukasema haya, huyu naye mpaka Krismasi, lakini Krismasi ikapita na bado yupo, na watoto wamebadilika, kuna Kayleen, binti wa Col dereva wa lori la mifugo, alikuwa hataki kusoma hata jina lake mwenyewe, sasa anamsomea baba yake maelezo ya dawa ya minyoo ya kondoo kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na Col anasimama pale zizini anasikiliza mpaka mwisho hata kama dawa yenyewe anaijua tangu utoto.

Basi siku moja nikaenda baa kutengeneza friji la bia, nikaikuta kamati ya wazazi imekaa kikao, na mwenyekiti ni Bi Gwenda Sturrock, mwenye baa, akanishika mkono na spana yangu hivyohivyo.

"We, kaa hapa. Una mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu! Mchumba. Usijifanye hunielewi."

"Sina."

"Tunajua huna. Nakuuliza ili iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano."

Ndipo Col akaeleza hoja, kwamba miaka ile alikuja nesi kijana kwa mkataba mfupi, akaolewa na mtu wa shamba la kule mtoni, na mpaka leo yupo, ana wajukuu, kwa hiyo dawa ya mgeni kutoondoka ni ndoa, ndoa ndiyo kigingi.

"Mimi si kigingi," nikasema.

"Wewe ni kigingi kizuri sana, kaka," akasema Col. "Una meno yote na una gari linalowaka."

Wakapiga kura, Shangazi. Nikapewa mguu wa kondoo nimpelekee mwalimu, nikaambiwa nichane nywele.

Nilikwenda ili waniache tu. Kufika nikakuta kiyoyozi cha nyumba ya mwalimu kimekufa, kilikufa tangu enzi za mwalimu aliyemtangulia, na paa linavuja juu ya kitanda, kitanda amekisogeza ukutani na ndoo iko mahali pa kitanda, nikatengeneza kiyoyozi, paa sikuliweza peke yangu, tukanywa chai kwenye ngazi, akaniuliza ni kweli kondoo wanatambuana sura, nikamwambia ndiyo, akaniuliza na wewe unawatambua, nikasema baadhi, akacheka, na kile kicheko, Shangazi, niliendesha gari hadi nyumbani nikapita lango letu bila kuliona. Baadaye aliniita darasani niwaeleze watoto habari za sufu, mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Utamwoa mwalimu?" na yeye akasema bila kugeuka kutoka ubaoni, "Leo tunasoma sufu." Tangu hapo nimekuwa nakwenda kunywa chai na wala siikumbuki kamati, lakini kamati inanikumbuka, Bi Gwenda akiniona anaegemea kaunta.

"Umefika wapi?"

"Tunazungumza."

"Mnazungumza! Mifugo ingekuwa na mwendo wako tungekufa njaa."

Sasa wiki iliyopita mwalimu akaniambia ameletewa nafasi katika shule ya karibu na bahari, jirani kabisa na mama yake, kuanzia muhula ujao, na anatakiwa ajibu kabla mwezi haujaisha, akaniangalia usoni akasema, "Niambie wewe, niende au nibaki? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye mtu pekee katika mji huu asiyetaka kitu kutoka kwangu."

Shangazi, nilimeza nzi. Nikasema ng'ombe wetu ametoroka, nikaondoka mbio, na hakuna ng'ombe aliyetoroka.

Nikimwambia baki, nitakuwa nasema kwa mdomo wangu au wa Bi Gwenda, nikimwambia nenda, nitamkosa na shule itakufa na Kayleen atarudi kukaa jikoni, nikimwambia ukweli atakwenda vilevile tena akiwa amenichukia, na Bi Gwenda ameshasikia habari za uhamisho, anasema nimvishe pete Jumamosi hii, pete atatoa yeye, ya marehemu mama mkwe wake. Nifanyeje?

Mimi,
Kigingi wa Magharibi

*

Mpendwa Kigingi,

Kwanza hongera kwa kulificha jina lako. Lako umelificha, la mwalimu umelianika, la Bi Gwenda umelianika na ukoo wake, la mtoto wa watu umelianika, na la mbwa pia. Na huo mji usiotajwa, mwanangu, katika Australia nzima tangi lenye emu aliyevaa miwani ni moja tu, mimi mwenyewe nimepiga picha mbele yake. Ndiyo maana jibu hili nakuletea kwa posta, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Sitalichapa mpaka wote uliowaanika wakubali, na mwalimu akisema hapana, ni hapana.

Pole. Nasema pole kwa moyo, kwa sababu mji wako naujua. Nimezaliwa katika mji kama huo, nimesoma katika shule ya chumba kimoja ambako mwalimu mpya alikuwa anapokewa kama mvua na kuagwa kama mazishi. Hofu yenu si ya kipuuzi. Shule ya serikali katika mji mdogo si majengo tu. Ndiyo sababu ya mtu kupanda mti wa kivuli akiwa na mategemeo ya kukaa chini yake. Kwa hiyo simcheki Bi Gwenda kwa kuogopa.

Namcheka kwa dawa aliyoitafuta. Watu wazima mmekaa baa, mkanyoosha mikono, mkapiga kura kwamba mwanamke aliyesomea kazi yake afungwe kwa mume kama beberu anayefungwa asile maua! Na wewe ukachana nywele ukaenda! Ungekataa. Usiniambie walikulazimisha. Mtu anayemwangusha dume la kondoo chini peke yake halazimishwi na mama mwenye baa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokukasirikia hasa. Barua yako ni ndefu kama reli. Nimeisoma toka kichwa hadi mkia nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja, mmoja tu, alimuuliza mwalimu anahitaji nini. Sikupaona. Nimeona mguu wa kondoo. Nimeona pete ya marehemu. Nimeona pia, umeiandika upesiupesi kama jambo dogo, kwamba mwalimu wenu analala na ndoo mahali pa kitanda. Mnajiuliza walimu wanakimbilia wapi? Wanakimbilia mahali pakavu, baba!

Tuje kwako wewe na huo moyo wako. Nakuuliza swali, ujibu ukiwa peke yako hapo nyuma ya zizi. Kama kesho shule yenu ingeletewa mwalimu mwingine, bwana mmoja mwenye ndevu, amekula kiapo cha kukaa hadi uzee, shule imepona, mji umepona, na Despina amehamia pwani, je, ungewasha hilo gari linalowaka ukaendesha siku nzima kwenda kunywa naye chai? Kama jibu ni hapana, wewe ni mjumbe wa kamati, umwombe radhi umwache. Kama jibu ni ndiyo, basi una neno lako mwenyewe la kumwambia, na hilo neno haliwezi kusikika kama bado umelificha lile la kamati. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwake mchana, macho makavu, bila nyama. Mwambie kila kitu, kuanzia friji mpaka pete. Mwambie kabla hajaijibu idara, kwa sababu anataka kuamua maisha yake akiamini kitu ambacho si kweli, na huo ndio wizi wenyewe. Usimwambie baki. Usimwambie nenda. Alikuuliza kama mtu asiyetaka kitu, na wewe unataka, kwa hiyo umepoteza haki ya kupiga kura katika jambo hilo. Usimwombe msamaha na uchumba kwa pumzi moja, mambo hayo hayapandi gari moja. Akikwambia ondoka, ondoka, na safari hii usimsingizie ng'ombe.

Na Bi Gwenda mpelekee salamu zangu. Mwambie pete airudishe kabatini. Mwambie Shangazi Beryl anauliza, bati mnalo? Basi pandeni mkaezeke, awe anabaki au anaondoka, kwa sababu atakayekuja baada yake naye atakuwa na kitanda. Paa halingoji uchumba.

Haya, shuka kwenye hilo gari.

Shangazi Beryl

*

Shangazi Beryl,

Jibu lako lilifika na gari la barua, na baba yangu alilifungua kabla yangu. Alilisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Huyu mama ana akili. Nenda." Nikasema nitakwenda Jumamosi. Akasema, "Nenda sasa hivi. Kondoo nawabakia mimi."

Nilimkuta nyuma ya shule, watoto ndiyo kwanza wameondoka, anamwagilia nyanya za darasa la tatu. Nilimwambia nikiwa wima, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia mvua. Nikasema friji, kikao, kigingi, mguu wa kondoo, yote.

Kwanza alicheka. Alidhani namtania. Kisha akaona mimi sicheki.

"Walipiga kura?"

"Walipiga."

"Ya mikono?"

"Ya mikono."

"Kuhusu mimi."

"Kuhusu wewe."

"Hakuna hata mmoja aliyepinga?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Mimi. Lakini Bi Gwenda alisema kigingi hakina kura."

Hakucheka tena. Alifunga bomba, akasimama na mpira wa maji mkononi, maji yanamalizikia kwenye viatu vyake.

"Ule mguu wa kondoo?"

"Kamati."

"Na siku ile ya sufu?"

"Uliniita wewe mwenyewe."

"Na chai? Siku zote zile za chai?"

"Hizo zilikuwa zangu."

Akaniangalia. "Sasa nitajuaje, Rowan?"

Nikasema sijui. Akasema, "Nenda nyumbani." Nikaenda.

Siku zilizofuata alikuwa ananipita dukani kama mimi ni upepo. Nilifanya lile nililoweza. Nilipeleka salamu zako baa. Bi Gwenda aliwaka kama nyasi kavu za Novemba. "Mimi nimelisha mji huu, nimezika watu wa mji huu, leo nafundwa na gazeti?" Akaendelea kufuta glasi, anafuta ileile, halafu nikaona machozi. "Wajukuu zangu wako pale," akasema. "Shule ikifungwa binti yangu anaondoka nao, nami nitabaki namwuzia bia nani? Wewe na baba yako? Nilifanya nilichokijua mimi." Sijawahi kumwona akilia. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia friji.

Kesho yake asubuhi nilisikia nyundo tangu barabarani. Col alikuwa juu ya paa la mwalimu, na Bi Gwenda chini ameshika ngazi, anamtukana Col kwa kila msumari uliopinda. Mwalimu alikuwa darasani, na hakuna aliyekuwa anajua bado kama anabaki au anaondoka. Nikapanda kusaidia.

Ijumaa ikaja taarifa kwamba mwalimu anaita kamati na wazazi wote shuleni. Akatukalisha kwenye viti vya watoto. Col magoti yake yalikuwa yamefika masikioni. Mwalimu akasimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Nimesikia mlikuwa na kikao kuhusu walimu kutokaa," akasema. "Mimi ndiye mwalimu, sikualikwa. Kwa hiyo leo mtanieleza. Walimu wanaondoka kwa nini? Anayejua anyooshe mkono."

"Joto," akasema mtu.

"Joto nililijua kabla sijaja."

"Nzi."

"Nzi tumeshazoeana."

"Mbali," akasema Col.

"Col, Brisbane ni mbali na hapa kama hapa palivyo mbali na Brisbane. Mimi nilikuja." Akatutazama mmoja mmoja. "Majira ya baridi niliugua homa. Nilifundisha nikiwa nimejifunga blanketi, watoto wenu wakubwa ndio waliowashika wadogo. Jioni mtu akaja akaniachia nyama mlangoni. Ilikuwa nyama nzuri. Lakini nilichotaka ni mtu akae na wadogo asubuhi moja, wasome naye, ili mimi niwape wakubwa hesabu bila kukatizwa na mtu anayetaka kwenda chooni. Muhula mzima nilitaka hicho. Sikusema, nikaona aibu, mtadhani nimeshindwa kazi. Hilo ni kosa langu. Lakini hata nyinyi hamkuuliza."

Huko nyuma kukasikika kiti kidogo kikilia, na mkono ukanyooka juu kabisa kama wa mtoto.

"Ndiyo, Bi Gwenda."

"Mwalimu, mimi najua kusoma," akasema Bi Gwenda. "Na asubuhi baa imefungwa."

"Jumatatu, basi," akasema mwalimu. "Na usiwatukane wanangu wakikosea."

"Nitajitahidi."

Halafu akatuambia. Alikuwa ameshaijibu idara. Aliwaandikia kwamba anakaa mpaka mwisho wa mwaka ujao, na baada ya hapo atatazama tena. Alisema mama yake alilia kwenye simu na hajafurahi hata sasa. Alisema anabaki kwa sababu hawa watoto amewafikisha katikati ya jambo, na yeye si mtu wa kuacha jambo katikati. Watu wakaanza kupiga makofi, Col akainuka na kiti kikainuka naye.

"Msipige makofi, sijamaliza," akasema. "Kuanzia leo, suala la kuolewa kwangu limefutwa kwenye ajenda za kamati hii. Kabisa. Bi Gwenda, andika."

Bi Gwenda akaandika. Mwalimu hakunitazama hata mara moja. Nikapanga viti, nikamwita Sajini, nikarudi nyumbani.

Nilikaa. Tukanyoa kondoo, tukafunga marobota ya sufu, nikala, nikalala. Nilijiambia yameisha vizuri kuliko nilivyostahili. Siku moja tuko mezani baba akasukuma sahani.

"Sasa unangoja nini?"

"Sina sababu ya kwenda, baba. Mwalimu anabaki. Shule imepona."

"Ndiyo hapo sasa," akasema. "Wakati una sababu ndipo ulipokuwa huna haki. Leo huna sababu. Nenda."

Basi Jumapili nikavaa shati safi nikaenda mikono mitupu. Kufika mlangoni nilijiona mjinga, karibu nigeuze. Nikabisha.

"Nani?"

"Rowan."

Kisha sauti yake, iko karibu na mlango lakini mlango haujafunguka.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu."

"Kamati inajua uko hapa?"

"Bi Gwenda ameniona nikipita. Amegeuza uso ukutani."

Nikasikia kitu, ama alicheka ama alikohoa, kwa mlango ule huwezi kujua.

"Shule inaendelea, Rowan," akasema. "Mwalimu yupo, paa halivuji, mji wenu umepona. Sasa umefuata nini hapa?"

"Kukuona."

"Basi?"

"Basi."

Mimi nimesimama nimeshika kofia, nzi wamenijaa mgongoni, sithubutu hata kuwafukuza.

"Ngoja nivae viatu," akasema.

Rowan Petherick